Spika wa Uwanjani: Maisha ya Mama Yetu, Mwongoza Wageni

Marehemu mama yetu, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi saa na mshonaji. Baba yake alipenda nyumba iwe kimya apate kusikia saa zake. Akajaliwa binti ambaye akinong'ona, jirani wa tatu anaitika. Ndipo akaitwa Spika, na jina likamganda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza sekondari mwaka 1977. Historia aliipenda, hesabu zilimpiga chenga. Kengele ya shule ilipopasuka, mwalimu mkuu hakuhangaika kununua nyingine muhula mzima. Alimsimamisha Spika barazani aite madarasa.

Januari 1979 aliajiriwa kukata tiketi kwenye uwanja mkubwa wa michezo, na mwaka 1982 akahamishiwa kuongoza wageni. Aliwapitisha vyumba vya kubadilishia nguo, kabati la vikombe, hadi ngazi ya mia moja na kumi na mbili, juu kabisa ya jukwaa. Mwenyewe hakuwahi kupiga mpira. Lakini akisimulia bao la miaka ishirini nyuma, wageni waligeuka kutazama goli kana kwamba nyavu bado zinatikisika.

Mume alimpata hapohapo, tena kwa ugomvi. Baba yetu alikuwa mtunza nyasi, na siku moja wageni wa Spika walikanyaga nyasi zilizopandwa juzi yake.

"Dada, hao watu wako wana miguu au majembe?"

"Na wewe kaka, kama nyasi zako zina wivu, zipande kwenye chungu."

Wiki iliyofuata baba alikuja kuomba radhi. Wiki ya pili yake alikuja bila sababu. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Enzi hizo waongoza wageni walilipwa kwa kila mzunguko. Mvua ikinyesha, wageni wasije, walishinda kwenye korido kutwa nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Likizo hawakuwa nayo, wala matibabu. Mwaka 1999 mwenzao mmoja aliteleza kwenye ngazi za jukwaa akavunjika mguu. Akiwa bado hospitalini, aliletewa barua kwamba nafasi yake imejazwa. Mama aliisoma barua ile kwa sauti saa ya chakula cha mchana, mpaka wapishi wakatoka jikoni kusikiliza. Siku hiyohiyo waongoza wageni wote kumi na watatu walijiunga na chama cha wafanyakazi, wakamchagua kuwa mwenyekiti wa tawi.

Meneja alimwita peke yake, akamwahidi cheo cha msimamizi, mshahara wa mwezi na ofisi yenye dirisha, ili mradi aachane na chama. Alirudi nyumbani kimya, jambo lililomtisha mumewe.

"Ukikubali, utapata usingizi?" baba alimuuliza.

"Nitapata. Ila nitageukageuka."

"Basi usikubali. Kitanda chenyewe kidogo."

Hakukubali. Waligoma siku tisa, wakisimama getini. Siku ya sita lilikuja basi la walimu wastaafu waliotoka mbali, hawana habari. Mama hakuwaingiza, lakini hakutaka waondoke hivihivi. Aliwazungusha nje ya ukuta, bure, akiwasimulia kila kilichokuwa ndani. Wale walimu walikaa nao getini mpaka jioni.

Siku ya kumi ulisainiwa mkataba wa hali bora: mshahara wa mwezi, malipo ya saa za kungoja, likizo ya uzazi, bima ya afya, na tiba kwa anayeumia kazini. Mwenzao wa mguu alirudishwa kazini, dirisha la tiketi, asipande ngazi.

Alistaafu mwaka 2018. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, ndipo ikabainika kwamba bima ile ilikoma siku ya kustaafu. "Tuliwasahau wazee," alisema, "kwa kuwa hatukudhani tungezeeka." Watoto na chama walichangia matibabu. Katibu mpya wa tawi alipomletea rasimu ya mkataba mwingine, aliomba kalamu akiwa kitandani. Palipoandikwa kwamba mwajiri "anaweza" kuwatibu wastaafu, akafuta, akaandika "atawatibu".

Ulisainiwa tarehe 3 Februari 2025. Aliomba asomewe kifungu hicho mara mbili, kisha akasema, "Haya, nisomeeni na vingine, nisije nikaonekana mbinafsi."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari, asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada wawili, mdogo wake wa kiume, na waongoza wageni thelathini na mmoja, walioketi hapa leo kwa ruhusa ya msiba yenye malipo, kama mkataba unavyosema.

Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko jema la amani.