Kopo la Mpagazi

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mpagazi alikuwa amepakata kopo la unga wa protini kama mtoto mchanga. Mama mmoja muuguzi aliyekaa naye akamuuliza ni la nani.

“La mama yangu. Figo zinamsumbua, amekonda. Mimi kabla ya kuanza kunywa unga huu nilikuwa nabeba magunia arobaini kwa siku, sasa sitini!”

“Ulibadilisha nini kingine, mwanangu?”

“Nakula mayai, nalala mapema. Ndivyo maelezo ya kwenye kopo yanavyoagiza.”

“Na mwenzako anayekula na kulala hivyohivyo bila unga, anabeba mangapi?”

“Huyo hatujampima, mama.” Alicheka, nami nikacheka kimoyomoyo, maana hata mimi nisingempima.

“Basi hujui kama ni unga au usingizi. Kwa mtu wa kazi ngumu kama wewe, utafiti unaonyesha unga huu unasaidia kidogo. Kwa mgonjwa wa figo unaweza kumuumiza. Muulize daktari wake kwanza.”

Kicheko kikamkauka. “Mama angeunywa leo hii. Mungu akuzidishie, mama.”

Basi likasimama kituoni kwake, hakushuka. “Nitashukia hospitali,” akamwambia kondakta, kisha akamgeukia muuguzi. “Lakini yale magunia sitini nayabeba kwa nguvu za unga!”