Mguu wa Nguruwe Mezani kwa Daktari

Wapendwa, nawasalimu. Mama zangu wa jikoni, acheni sufuria kwanza, njooni mkae. Baba Mchungaji aliponiomba nisimame leo, nilimuuliza: nani kakutuma? Akacheka. Mimi sikucheka. Wanaonijua humu wanajua kwamba hata zawadi nikipewa, naigeuza kwanza niangalie chini.

Nyumbani Tabora nilikuwa afisa tabibu. Ndugu zangu wa Kongo huenda hamlijui jina hilo. Si daktari kamili, si muuguzi. Ni yule unayemkuta chumba cha dharura ukiletwa damu zinakutoka. Anakupima, anakushona, na akiona mambo ni mazito anamwita daktari. Kazi ile niliipenda, jamani. Mume wangu alikuwa anaionea wivu.

Tukaja huku kwa Waswidi kwa kazi yake, tukapanga nyumba mji wa Tumba. Nikapeleka vyeti vyangu kwa wanaotoa leseni za tiba. Jibu likaja: kazi hiyo haimo katika sheria ya nchi hii. Ndugu zangu, nawaambia, bora wangesema nimefeli. Aliyefeli anarudia mtihani. Mimi niliambiwa kitu nilichokuwa hakipo kabisa. Nililia mpaka watoto wakaanza kunong'ona wakipita mlangoni kwangu.

Nikasoma Kiswidi, nikasomea usaidizi wa wauguzi. Kazi ya kubadilisha shuka, kupima presha, kusukuma vitanda. Na wakanipeleka wapi? Mapokezi ya dharura! Akuten, kama tunavyosema huku. Mungu naye ana utani wake.

Sasa kuna mtu aliniambia kwenye treni kwamba mgeni fulani kashtakiwa kwa kumtibu mgonjwa bila leseni. Kweli au uongo, sijui mpaka leo. Ila ilinitosha. Nikafunga mdomo. Mtu akiniuliza kwetu nilikuwa nafanya nini, namwambia nilikuwa ofisini. Watoto wanaletwa wamepasuka paji la uso, wanakaa kwenye benchi wanamngoja daktari aliyezidiwa, wanalia mpaka wanasinzia. Mimi nimesimama pale na mikono mfukoni. Iliniuma sana, sitawaficha.

Siku moja daktari mkuu wa zamu, mama mmoja mrefu asiye na maneno mengi, akaniita chumbani kwake. Akafunga mlango. "Nimesikia kwenu ulikuwa unashona majeraha."

Weee! Nani kanichoma? Pale kazini nilimwambia mtu mmoja tu, dada wa Kikenya, rafiki yangu wa chai. Nikamjibu daktari, "Umesikia vibaya," nikatoka. Tangu siku hiyo yule dada akija mezani, mimi nanyanyuka na kikombe changu. Hata salamu nikamnyima.

Na daktari naye akaanza kunisalimu kwa jina kila asubuhi. Jamani, semeni ukweli, Mswidi anayekusalimu kwa jina kila asubuhi anataka nini? Akaniletea keki ya mdalasini. Sikuigusa. Mnacheka, lakini ingekuwa ninyi mngekula? Mimi machale yalishanicheza, najua huyu anatafuta ushahidi.

Akaniita tena. Naingia, nakuta mezani kuna trei, na kwenye trei kuna mguu wa nguruwe. Ule wa dukani kabisa! Umechanwa kwa kisu, na pembeni kuna sindano, uzi na glovu. Akasema, "Wanafunzi wetu wa udaktari wanajifunzia hapa. Hakuna sheria inayokataza kumshona nguruwe."

Nikatafuta kamera. Kweli tena! Niliangalia juu ya kabati, nikaangalia simu yake imelala vipi. Halafu nikaliangalia lile jeraha, limeachama vile, halina mtu. Nikavaa glovu. Baada ya hapo sikumbuki kama kulikuwa na mtu mwingine chumbani. Nilipokata uzi wa mwisho nikajikuta nalia juu ya nguruwe, wapendwa. Daktari akanisogezea karatasi za kufutia machozi.

Ndipo akanieleza. Sheria yao ina upenyo. Mwenye leseni anaweza kumkabidhi kazi fulani mtu ambaye hana leseni lakini ana ujuzi wa kweli. Wanamtaja kwa jina, wanampima kwanza, na ni kwa muda maalumu. Nikamkazia macho: "Likiharibika, nani anabeba?"

Angesema "usijali", ningeondoka nisirudi. Hakusema hivyo. Alisema, "Mimi nitajibu kwa nini nilikuchagua wewe. Wewe utajibu kwa ulichofanya na mkono wako."

Basi hapo ndipo nilipomwamini. Mtu anayetaka kukutosa hakuonyeshi mzigo wako mapema.

Nikapimwa, nikashona nguruwe wengine, nikashona wagonjwa yeye akiwa amesimama begani kwangu. Leo majeraha madogo ni yangu, kwa ruhusa. Lakini msishangilie sana. Ruhusa hiyo ni ya kazi moja tu, pale pale tu, na daktari huyu akihama nayo inakwisha. Kazi yangu bado haina jina katika sheria.

Nikamfuata yule dada wa Kikenya. "Kwa nini ulinisema?" Akasema, "Kwa sababu wewe usingejisema hata siku ya kiyama." Kumbe alimuuliza daktari kwanza bila kunitaja, kama kusema kungenidhuru. Nilikosa pa kuweka uso. Namshukuru sana. Namshukuru daktari, namshukuru mume wangu aliyenivumilia na hasira zangu.

Kushuku kumenisaidia mara nyingi, siwaambii muache. Ila mkishuku, ulizeni. Mimi nilishuku nikanyamaza, ndipo nilipopotelea.

Na kuna jambo jingine. Daktari anakwenda kuongea na wanasiasa ili kazi kama yangu iingie kwenye sheria. Anataka twende naye, tuonekane. Nikienda peke yangu watasema ni huyu mmoja tu. Kwa hiyo nauliza: humu ndani, ni nani mwingine alikuwa anatibu watu kwao, na hapa hajamwambia mtu?

Msiangalie chini. Nawajua, nami nilikuwa naangalia chini hivyo hivyo.

Haya... nani huyo ameinua mkono? Mama wa jikoni? Wewe? Tumeosha vyombo pamoja jikoni humu Jumapili zote hizi, tukamenya ndizi, tukazikana, na hukuniambia? Na mimi sikukuambia! Simama, dada yangu. Simama kabisa, useme kwao ulikuwa nani.