Bibi Ndoo, Aliyezipatanisha Takwimu za Bahari

Ndugu, jamaa na majirani, familia imempa mdogo wa mwisho wa marehemu, yaani mimi, kazi hii ya kusoma wasifu wake, si kwa kuwa anasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa kuwa amezunguka nchi nyingi na kurudi bila kitu isipokuwa sauti, kwa hiyo mvumilieni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa karani wa forodha na mshonaji, akaanza shule ya msingi nyuma ya soko la samaki mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, ambako alihitimu hisabati mwaka 1985, na baba akauliza kwa upole hizo hesabu zitapikwa na nini.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa kituo cha utafiti wa bahari, katika chumba kilichokuwa juu ya watu wa uvuvi na chini ya watu wa mazingira, akaukuta ugomvi uliomshughulisha maisha yake yote, maana wa chini walitumia vipimo vya joto vilivyoletwa na meli, wa juu vile vya mitambo iliyotiwa majini, havikulingana, na kila ulipofika wakati wa kuamua mazalia ya samaki yafungwe lini kwa wavuvi, jambo linalotegemea joto la maji, kila upande ulishika takwimu zake, mazalia yakabaki wazi, na samaki wakazidi kupungua.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na fundi wa majokofu, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1991 na mwana mwaka 1994, ambao wote wawili waligoma kabisa kusoma hisabati.

Jina la Bibi Ndoo alilipata mwaka 1997, wakubwa walipotaka kuvitupa vipimo vyote vya meli, naye akaomba kwanza apande meli ajionee, akakuta mabaharia wanavuta ndoo ya maji, wanaitua juani, wanamaliza chai, ndipo wanatia kipimajoto, na alipouliza kwa nini wasipime kwanza, mpishi akamjibu, "Kwani dada, maji yatakimbilia wapi?" Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akatapika, kwa sababu bahari haikuwahi kumpenda, lakini alirudi tena na tena, akapima kabla ya chai na baada ya chai, penye jua na penye mawingu, mpaka akajua joto liliongezeka kiasi gani ndani ya ndoo, akavisahihisha vipimo vya zamani, akavipanga pamoja na hesabu za samaki na hali ya matumbawe, ili ofisa yeyote aelewe bila kumpigia simu, ingawa walimpigia hata hivyo, hasa wakati wa kula.

Hata hivyo idara hazikuzikubali takwimu zake upesi, kila ghorofa ikiona imenyang'anywa bahari yake, na alipostaafu tarehe 31 Machi 2021 bado walikuwa wanaingia mkutanoni na takwimu mbili.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, aligundulika na saratani ya ini, na kilichomkosesha usingizi, shemeji ni shahidi, ni hofu kwamba ataondoka na mazalia yataisha samaki watu wakiendelea kuvutana. Mwezi uliopita wakuu wa idara zote mbili, ya uvuvi na ya mazingira, walikuja wodini, wakaanza kwa adabu, mara wakawa wanabishana juu ya kitanda, mmoja anataka mazalia yafungwe miezi miwili, mwingine minne, nesi akaja kuwatoa, dada akamzuia kwa mkono, kwani alikuwa amesikia jambo ambalo sisi hatukulisikia, kwamba wote wawili walikuwa wanataja takwimu zake. "Gombaneni tu, wadogo zangu," akasema, "alimradi mnagombania bahari ileile."

Walikubaliana miezi mitatu, mazalia yakafungwa Jumatatu, akaambiwa, akatabasamu, na Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, alfajiri, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari, nesi yule aliyewavumilia wakuu wetu, majirani mliotupikia, na wafanyakazi wa kituo, wa juu na wa chini, ambao leo tunawaona mmekaa benchi moja.

Dada, lala kwa utulivu, bado wanabishana, na safari hii wanaelewana.