Maji Yaliyosingiziwa

Ndugu waombolezaji, asalaam alaikum. Mimi ni Iddi, mtoto wa kaka wa marehemu; marehemu ndiye aliyenilea hapa Maposeni, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu, Bibi Tabu binti Bakili. Mliowahi kufukuzwa na fimbo yake pale chemchemi mnajijua, vumilieni kidogo.

Marehemu alizaliwa Nalasi mwaka 1870, kwa makadirio ya wazee, akasoma chuoni kwa baba yake, aliyemfundisha kutia udhu kwa kibuyu kidogo hata masika, jambo aliloshika mpaka mwisho. Mwaka 1889 aliolewa na Nassoro, mkulima wa hapa, wakajaliwa mabinti wawili, Zena na Halima.

Septemba 1905 dawa ya vita ilichanganywa kwa maji ya chemchemi yetu, Nassoro akanyunyiziwa, akaahidiwa kuwa risasi za Wadachi zitageuka maji, akaenda vitani, hakurudi. Wadachi walipokwisha kuchoma ghala na mashamba, sisi tuliobaki tukasema maji yale ndiyo yaliyotuua, tukayahama, tukawa tunachota dimbwi la bondeni wanakokunywa wanyama, na mwaka uliofuata Halima akafa kwa kuhara damu, na watoto wa majirani vilevile. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuichukia chemchemi kuliko shangazi, lakini baada ya arobaini ya Halima alituita wote pale, akachota, akanywa, akasema, “Maji haya hayakumwahidi mume wangu kitu, walioahidi ni watu. Zena wangu hanywi tope tena.”

Akampa Zena, mtoto pekee aliyebaki naye, akanywa. Tulikaa tukimtazama mtoto yule kwa hofu mpaka jua likazama, naye akaomba chakula.

Tangu hapo kazi ya marehemu ilikuwa chemchemi: aliizungushia uzio, akakataza kufyeka miti iliyoizunguka, kufulia juu yake na kuchovya vyungu, kila mtu achote kwa kata moja iliyotundikwa pale, na maji ya kuoshea vyombo yapelekwe kwenye maboga. Hata askari wa boma aliyekuja kumnywesha nyumbu wake alifukuzwa pamoja naye. Kiangazi cha mwaka jana, vijito vya jirani vilipokauka, sisi tuliendelea kuchota.

Aliugua kifua mwezi Machi, akafariki tarehe 9 Juni 1913. Tunamshukuru mganga wa misheni aliyemtibu bila kumuuliza dini, majirani, na wachotaji wenzake wote. Aliusia aoshwe kwa mtungi mmoja tu, na Zena amemwosha hivyo, maji yakatosha.

Kata ipo palepale, na kuanzia kesho fimbo anayo Zena.

Pumzika, shangazi, kwa amani uliyoitafutia maji yetu.