Barua Mia Tatu na Kumi na Mbili za Mke wa Stempu

Benchi lililo nje ya duka la chapa na fotokopi lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na halijawahi kumwangusha mtu isipokuwa anayesema ukweli. Wenyewe ni watatu. Soli, fundi viatu, huweka nyundo chini ili mdomo upate nafasi. Profesa, mchora vibao, shule aliiacha mapema ili isimcheleweshe. Stempu, mstaafu wa posta, alisambaza barua miaka thelathini na moja kwa baiskeli bila kupoteza hata bahasha moja. Asubuhi hiyo Stempu alifika bila salamu, kabeba kompyuta yake ya mezani imefungwa shuka kama mgonjwa. Akaipitisha dirishani kwa Dada Chapa, mwenye duka, akaketi na kikombe cha kahawa asichokinywa. Mkewe, nesi aliyekuwa kazini ng'ambo miaka minne, alikuwa anarudi kesho kutwa. Stempu alikuwa akimfagilia nyumba. Alipomaliza sebule, akaona afagie na kompyuta.

— Umefagia nini humo? Soli aliuliza.

— Matangazo. Dawa za upara, bahati nasibu. Nikachagua, nikafuta, nikamwaga na pipa la taka. Kuangalia, sanduku jeupe! Barua pepe zote za mke wangu, mia tatu na kumi na mbili.

— Haikubaki hata moja?

— Hata nukta.

— Pole, kaka. Lakini si ziko kule kwenye mtandao? Profesa alidakia.

Stempu akainamisha kichwa.

— Hazipo. Niliipanga mwenyewe ile programu ya barua: ikishashusha kwangu, kule juu ifute. Barua ikimfikia mwenyewe, posta ibaki na nakala ya nini?

Soli akaokota nyundo, akairudisha chini.

— Na yeye hana daftari, Stempu aliendelea, sauti imempungua. Aliniambia, "Mume wangu, maisha yangu ya huku nimeyaweka kwako. Nikirudi tutayasoma pamoja." Sasa nimwambie nini? Kwamba nimeyafagia?

— Usihofu, Soli alisema. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki gani tena?

— Barua bado mbichi, umezifuta leo asubuhi! Kiatu kikiingia kokoto, unakivua, unakipindua, unakung'uta. Dada Chapa! Pindua hiyo kompyuta, ikung'ute!

— Ukiigusa nakukung'uta wewe! sauti ilitoka dirishani.

— Soli, wewe fikra zako zinaishia kwenye kifundo cha mguu, Profesa alisema. Sikilizeni. Mimi nimepaka vibao miaka ishirini. Pale palipoandikwa "Saluni", chini yake kuna "Bucha", na chini ya "Bucha" kuna "Wakili". Maandishi hayafi, yanafunikwa.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo tupige msasa kioo! Taratibu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mke wangu atakuta sina barua wala kioo, Stempu alisema.

Dada Chapa akachungulia dirishani, miwani kwenye paji la uso. Huyu ni mwanamke anayechapa huku akigombana na wateja wawili, na hakosei herufi.

— Huyo wa msasa amepatia nusu, bila kukusudia kama kawaida yake. Barua ikifutwa, programu haiitoi kwenye faili la barua. Inaipiga alama tu: huyu msimwonyeshe. Inaitoa kweli siku ikilibana faili, yaani kulipunguza ili kupata nafasi, na kabla ya kubana, huuliza. Mzee, ulipomaliza kufuta, ilikuuliza kitu?

Stempu akaweka kikombe chini.

— Iliuliza. Kisanduku kidogo, maandishi kama chawa. Ndiyo au hapana.

— Ukajibu nini?

Soli akashika benchi. Profesa akamshika Soli.

— Sikuwa na miwani. Na mimi, dada, sijawahi kutia sahihi kitu ambacho sijakisoma. Nikazima.

— Hukubonyeza ndiyo?

— Sikubonyeza chochote!

Dada Chapa akacheka mpaka miwani ikamshukia puani yenyewe.

— Basi kaeni hapo, msinipumulie.

Wakasimama wote dirishani, wakampumulia. Kwanza Dada Chapa akanakili faili lote kwenye flashi, la asili akaliacha kama lilivyo. "Mgonjwa ni mmoja, dawa za kujaribia apewe pacha wake," alisema. Akafungua nakala kwa programu ya maandishi matupu, na Stempu akaona jina la mkewe, mara kumi, mara mia, barua zimepangana kama abiria walioambiwa gari limeharibika na hawakuamini. Kila moja juu yake ina namba ya kufutwa. Dada Chapa akaamuru namba hiyo igeuzwe kotekote kwa mpigo mmoja. Akalirudisha faili hilo lililorekebishwa kwenye kompyuta, akafuta orodha ya zamani ambayo programu huisoma ili ihesabu barua upya, akafungua.

Zikaanza kushuka. Stempu aliruka matangazo, akahesabu za mkewe kwa sauti, kidole hewani, kama zamani akipanga barua posta. Mia tatu na tisa. Na kumi. Na kumi na moja. Akaisogelea skrini.

— Na kumi na mbili!

— Dada, wewe ni mkunga! Soli alipiga kelele. Umezalisha mia tatu bila wembe!

— Nimeona mafundi, Profesa alisema, akavua kofia asiyoivuaga hata mvuani. Lakini fundi anayeanza kwa kutogusa, ndiyo leo.

— Asante, mwanangu, Stempu alisema.

Mwalimu mmoja alikuwa amesimama nyuma yao na mitihani ya kutoa nakala, kisa chote kakisikia.

— Shikamooni. Hongera, baba. Mama kaandika kweli! Na za kwako wewe, ulizomjibu, ziko ngapi?

Stempu akamtazama Soli. Soli akatafuta methali, akatafuta, akakohoa. Profesa akaivaa kofia tena. Dada Chapa alikwishalifungua sanduku la zilizotumwa: tupu. Akalifunga polepole, kwa adabu.

— Mimi... nilikuwa napiga simu, Stempu alisema.

Akazunguka, akaingia dukani kwa mlango, akavuta kiti mbele ya kompyuta na kunyoosha vidole vyake viwili.

— Dada, kesho kutwa ni mbali. Nionyeshe hapa mtu anaanzia wapi kuandika barua.