Salamu Alizozipanga Mpaka Ijumaa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni hakumpita mtu bila salamu. Mama yake akimtuma dukani alijua atachelewa, maana angewaamkia hata mafundi waliokuwa juu ya paa.

Alimaliza sekondari mwaka 1992, akapata stashahada ya kompyuta mwaka 1996.

Kuanzia 2013 aliratibu timu iliyotengeneza programu za hospitali, kila mmoja akiwa katika mji wake. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Kila asubuhi aliandika salamu kwenye kundi la kazi, akimtaja kila mtu na shughuli yake ya siku. Walimjibu kwa alama ya dole gumba. Kazi ilikwenda vizuri, hilo halina ubishi. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kwake.

Alifunga ndoa mwaka 2003. Mkewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2017, na binti yao alipokwenda kusoma mbali, nyumba ilibaki na mvumo wa kompyuta.

Mwaka huu presha ilimwandama. Jumapili yake ya mwisho, dada yake alimwuliza, "Mdogo wangu, siku ukinyamaza, hao wenzako watakutafuta?"

"Sitanyamaza, dada. Salamu nimeshazipanga mpaka Ijumaa. Kompyuta itazituma yenyewe."

"Kwa hiyo hata ukifa utawahi kazini!"

Wakacheka.

Alifariki usingizini kuamkia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025. Dada yake, aliyekuwa safarini, alimkuta Alhamisi. Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Siku zote hizo marehemu alikuwa amewaamkia wenzake, na chini ya kila salamu madole gumba yamejipanga. Hakuna aliyempigia simu. Familia imeamua hili lisemwe wazi, kwa kuwa mtu anayekuuliza umeamkaje anastahili naye kuulizwa.

Marehemu ameacha binti mmoja na dada mmoja. Ameacha pia wenzake sita wa kazi, walioketi safu ya nyuma, ambao leo ndipo wameonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Jeneza litakapopita mbele yao, familia inawaomba wamwitikie salamu zake, kwa sauti.

Kisha tumwache apumzike kwa amani.