Ufagio Ndani ya Ghala

Tangu matajiri wa mazao wagome kulipa ushuru mpya wa kuuza nje, na serikali ikapiga lakiri mlango wa ghala, benchi la ng'ambo ya barabara limegeuka bunge. Kiraka, fundi viatu, hakosi hata siku moja, maana mle ndani yamo magunia yake ya ufuta, jasho la msimu mzima. Yasipouzwa hana cha kulipia kodi ya ardhi, na kodi isipolipwa shamba la marehemu mama yake linachukuliwa. Jioni hiyo wote waligeukia mlango wa ghala. Ndani ya ghala mtu alikuwa anafagia.

— Upepo huo, alisema Waziri, kinyozi anayeitwa hivyo kwa kuitetea serikali hata isipomtuma.

— Upepo unafagia? Kiraka alimuuliza.

— Basi ni maofisa. Wanaandaa mzigo usafirishwe.

— Wamepitia wapi? Lakiri ile pale, haijaguswa. Na mlinzi yule kitini, anapiga miayo. Nyie wa serikali vutaneni na matajiri wenu, anayefukuzwa shambani ni mimi.

Muuza kahawa alitua birika lake.

— Mimi nasema ni ardhi yenyewe. Kila mtu anaitoza, kila mtu anaipima. Imechoka, imekuja kuchukua chake.

— Kahawa yako inakulewesha, ndugu yangu, alisema Waziri.

— Haya, cheka.

Walicheka kidogo, wakaacha. Ufagio uliendelea.

Ndipo akaja mama mmoja mgeni, kikapu kitupu mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Panya wananimaliza nyumbani. Nimeambiwa kwenye ghala la ufuta hapakosi paka, nimekuja kuomba japo mtoto mmoja. Mbona siwaoni?

Kiraka alifungua mdomo amjibu. Paka wa pale aliwajua wote, walikuwa wakijilalia chini ya benchi hilo hilo, matumbo yamejaa panya wa ghalani. Akainama kuchungulia. Palikuwa na vumbi tu, na hakukumbuka aliwaona lini mara ya mwisho.

— Wamehama, alisema Waziri polepole.

— Paka wanahamaje penye panya? aliuliza yule mama.

Kiraka alivuka barabara kwa woga, akatega sikio mlangoni. Hata harufu ya ufuta haikuwepo. Ufagio ulianzia ukuta wa huku, ukaenda taratibu hadi ukuta wa kule, bila kugonga gunia hata moja.